Harage la Neptuni

Jua lilikuwa mpira wa darasa la saba,
umechubuka, umeshonwa kwa uzi wa gunia.
Niliuweka juu ya tofali, chini ya mlingoti wa bendera,
nikawaambia wa darasa la pili: msilisogelee, linaunguza.
Wakarudi nyuma hatua moja, wote sabini na wanne.
Hapo nikajua wamekubali.

Zebaki, chembe ya chumvi kidoleni mwa Mbonea.
Hatua zangu tisa. Akaidondosha kabla hatujafika,
tukakubaliana kwamba ipo.
Zuhura akasema Zuhura ni yake, jina ni lake,
asiguse mtu. Hatua kumi na saba.
Akasimama kifua mbele, punje ya ulezi kiganjani.

Na Dunia nayo punje ya ulezi,
ule ule wa mbege, niliouomba kwa mama mkwe
bila kumwambia naenda kuufanyia nini.
Hatua ishirini na nne.
"Sisi tumo humu?" Tumo.
"Na shule?" Na shule.
"Na soko la Pasua?" Na soko, na madeni yangu yote ya sokoni.
"Na Kibo?"

Wakageuka kaskazini.
Mlima ulikuwa umejifunua asubuhi hiyo, theluji utosini,
umekaa kama mwenye nyumba.
Wakautazama mlima. Wakautazama ulezi.
Godlisten akasogeza uso aone vizuri, akapumua,
Dunia ikaruka.
Tuliitafuta kwa magoti kwenye vumbi.
"Chukueni yoyote," nikasema, "ziko nyingi kwenye kopo."
"Hapana," wakasema. "Ile ile."

Mirihi, mbegu ya mchicha.
Mshtarii, gololi kubwa, nyuma ya goli la pili.
Zohali getini, gololi na pete ya waya.
Uranus nilimwachia fundi viatu wa njia panda,
akaliweka harage kwenye kopo la misumari,
akaniuliza kama nitalifuata leo au kesho.

Harage la mwisho hakulitaka mtu.
Mbali, baridi, na saa ya uji imekaribia.
Ndipo nikaona mkono wa Aikaruwa, dawati la nyuma,
mkono ambao tangu Januari sijauona hewani.
Hatua mia saba na kumi, nikamwambia.
Ni njia ya kwenu, unaijua.

Kengele ikalia. Sayari zikarudi mbio,
chumvi imelambwa, ulezi umo mfukoni.
Nikahesabu vikombe vya uji:
sabini na vitatu.

Nilibeba mpira kwapani, darasa la saba wasije wakauchukua,
nikakimbia, viatu mkononi,
nikapita mashine ya kusaga, nikapita genge la nyanya,
fundi viatu akanyanyua kopo lake kunionyesha: bado ninalo!

Alikuwa kando ya reli, amesimama wima.
Mkono wa kulia, harage.
Mkono wa kushoto, majani saba ya mlonge,
maana kuhesabu kwake huishia mia,
na kila mia alichuma jani.

"Hukusikia kengele?"
"Huku haifiki."

Kisha akauona mpira.
"Mwalimu. Umeling'oa."
Sikujibu.
"Tangu kwa fundi viatu nilikuwa silioni," akasema,
"lakini nilijua liko pale.
Sasa halipo."

Tulirudi kwa hatua zake, fupi, nyingi kuliko zangu.
Mpira alibeba yeye.
Aliurudisha juu ya tofali, akauzungusha kidogo
mpaka ule mshono ukatazama geti kama mwanzo,
ndipo akaenda kunywa uji uliokwisha kuota ngozi.

Jioni, kwenye andalio la somo, safu ya tathmini, niliandika:
Waliohudhuria 74. Waliorudi kwa kengele 73.
Mmoja alirudi na jua.

Mwalimu mkuu akalipigia mstari neno la mwisho kwa wino mwekundu.
Pembeni akaandika: *Lipi?*